Duka, Simu na Daftari: Uchambuzi wa Mirathi ya Mfanyabiashara Mdogo

Kisa hiki nilikifuatilia kama msaidizi wa kisheria wa kata, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Familia imeridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Nimeondoa majina, mtaa na mwaka, na tarakimu za fedha nimezibadilisha kidogo huku uwiano wake ukibaki. Mfuatano wa mambo sikuugusa.

Marehemu, familia yake na alichoacha

Marehemu alikuwa na miaka 52. Aliuza vipuri vya pikipiki kwenye fremu ya kupanga karibu na stendi. Presha ilimpanda asubuhi, akafikishwa hospitali, na kabla ya alasiri alishafariki. Alizikwa kesho yake. Hakuacha wasia.

Aliacha mke, mama yake mzazi, na watoto wanne. Mkubwa ni binti wa miaka 27 anayeishi Dodoma, aliyezaliwa na mke wa kwanza ambaye marehemu alishamwacha. Watatu ni wa mke aliyebaki: kijana wa miaka 22, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Baba wa marehemu alitangulia zamani. Wapo pia kaka na wadogo zake wa kiume, ambao sauti yao ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote msibani.

Mali yenyewe ilikuwa nyumba wanayoishi, kiwanja kisichopimwa nje ya mji, bidhaa za dukani, pikipiki moja kuukuu, fedha benki na salio kwenye simu. Madeni yalikuwepo pia, na mengine hayakujulikana na mtu hadi wenyewe walipokuja mlangoni.

Siku arobaini za mwanzo

Usiku wa pili wa msiba kijana wa miaka 22 alishika simu ya baba yake. Namba ya siri aliijua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitumwa kwa wakala. Akatoa shilingi 1,200,000. Shilingi 700,000 zikanunua mchele, nyama na mafuta ya kulisha waombolezaji, na 500,000 akabaki nazo mfukoni kwa hoja kwamba shughuli bado zipo. Hakuwa na nia ya wizi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ile, watu wanamtazama yeye, naye akafanya kilichokuwa karibu na mkono wake.

Siku ya tano baba mkubwa aliona ujumbe wa muamala kwenye ile simu. Akauliza mbele za watu, "Fedha za ndugu yangu zimekwenda wapi?" Neno lile lilimkata yule kijana kama wembe. Mama yake alinisimulia kwamba siku hiyo hakula.

Niliitwa siku ya nane, siku moja baada ya kuanua matanga. Nilianza kwa kuomba daftari la rambirambi. Lilikuwepo, limeandikwa vizuri na shemeji mmoja mwalimu: jina la mtoaji, kiasi, na jumla chini ya kila ukurasa. Rambirambi si mali ya marehemu. Ni mkono wa pole kwa wafiwa, na gharama za msiba huanza kubebwa hapo. Ndani mlikuwa na kiasi cha kutosha kurudisha zile 700,000 za chakula. Kijana naye akaleta zile 500,000, zote, akaziweka juu ya mkeka mbele ya baba zake. 1,200,000 zikafungwa kwenye bahasha, zikaandikwa, zikakabidhiwa kwa imamu wa msikiti wao hadi msimamizi wa mirathi apatikane.

Simu tuliamua isizimwe na laini isifungwe, ila mtu asitoe chochote. Uamuzi huu ulilipa haraka. Ndani ya wiki tatu ziliingia jumbe za mafundi wawili waliokuwa wakidaiwa na marehemu, mmoja akituma fedha bila hata kujua kwamba amefariki. Uliingia pia ujumbe wa benki kuhusu marejesho ya mkopo. Laini ingekuwa imezimwa, yote hayo yangetupita.

Jambo gumu zaidi lilikuwa duka. Kodi ya fremu ilikuwa imekaribia, na kijana wa kazi alikuwa akingoja kuambiwa. Kisheria, kabla ya mahakama kuteua msimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza hata kipuri kimoja cha marehemu. Niliwaeleza hivyo waziwazi. Lakini miezi ya kufuli ingewapoteza wateja, na watoto walikuwa wanakula kutoka dukani mle. Wakaamua, kwa kikao, duka lifunguliwe kwa masharti: bidhaa zote zihesabiwe kwanza mbele ya mashahidi wanne, kila mauzo yaandikwe, fedha zilale kwa imamu kila Ijumaa, na familia ipewe kiasi maalumu cha chakula kinachoandikwa nacho.

Lilinunuliwa daftari kubwa jipya, kalamu ikafungwa kwa uzi kwenye mguu wa kaunta ili isitoke. Ukurasa wa kwanza ninao machoni hadi leo: "Plagi 2. Tyubu 1. Bei 17,000." Pembeni sahihi mbili, ya kijana wa kazi na ya mtoto wa marehemu.

Kikao cha ukoo na jina lililosahaulika

Cheti cha kifo kilipatikana RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndani ya wiki tatu, kwa sababu tangazo la kifo la hospitali lilikuwa limetunzwa. Tatizo likawa majina. Kitambulisho cha taifa kilikuwa na majina matatu, akaunti ya benki mawili, na hati ya mauziano ya kiwanja ilikuwa na jina la utani ambalo mji mzima ulimjua nalo. Ilibidi mke na kaka wa marehemu waape kwa wakili kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kazi ya siku moja, lakini bila kiapo kile kiwanja kingekwama.

Kikao cha ukoo kikakaa baada ya hapo. Sheria haisemi kwamba bila muhtasari wa kikao hakuna mirathi, ila mahakimu wengi huuomba, na una faida yake: unawalazimisha watu kutaja warithi kwa sauti. Muhtasari wa kwanza nilioletewa ulitaja mke, mama na watoto watatu. Nikauliza kuhusu binti wa Dodoma. Mmoja wa wajomba akajibu, "Huyo mama yake alishaachwa siku nyingi." Nikamwambia kwa adabu kwamba talaka ilimtoa mama yule katika mirathi hii, lakini damu ya mtoto haipewi talaka. Imamu akaliongezea nguvu kwa kueleza hukumu ya dini, na ubishi ukaisha.

Binti akapigiwa simu. Akaja. Alifika na nauli ya kukopa, na alichokuwa na hasira nacho zaidi ni kwamba hakuwa ameambiwa msiba hadi siku ya tatu. Kikao kikarudiwa, muhtasari ukaandikwa upya, wiki mbili zikapotea. Kama tungepeleka ule wa kwanza, angeweka pingamizi, na angekuwa na haki.

Suala la pili lilikuwa nani awe msimamizi. Wanaume walimtaja baba mkubwa, kwa sababu mke "yuko eda, hatoki". Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na ni kweli mjane hukaa nyumbani. Lakini masheikh wenyewe hufundisha kwamba anaweza kutoka mchana kwa haja ya lazima, na kulinda mali ya yatima ni haja. Zaidi ya hapo, baba mkubwa hakuwa mrithi kabisa: palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hawapati fungu. Hilo halimzuii kuwa msimamizi mwaminifu, ila kumwachia peke yake kungemwacha mjane akiomba habari za mali ya nyumba yake kama mgeni.

Mahakama ya Mwanzo inaruhusiwa kuteua msimamizi mmoja au zaidi. Nilishauri wawe wawili, mjane na baba mkubwa. Baba mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji akae na kalamu, mimi nitakaa na miguu." Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alizunguka ofisi, mjane akatunza karatasi.

Mkopo uliokuwa unalipwa bure

Hapa nitakaa kidogo, maana nimekuta kosa hili katika familia nyingi.

Marehemu alikuwa na mkopo wa benki wa biashara, umebaki karibu shilingi milioni 8. Baada ya msiba afisa mikopo alimpigia mjane, kwa upole kabisa, akimkumbusha rejesho la mwezi. Mjane akalipa 410,000 kutoka mauzo ya duka. Mwezi wa pili akalipa tena. Na wa tatu. Kwa jumla 1,230,000, kipindi ambacho alikuwa anahesabu vitumbua vya kuuza asubuhi ili ada ya binti itimie.

Nilipoona marejesho hayo kwenye daftari nikamwomba mkataba wa mkopo. Ulikuwa chini ya godoro, kwenye mfuko wa plastiki. Katika orodha ya makato ya siku ya kuchukua mkopo palikuwa na mstari mmoja: bima ya mkopo. Marehemu alikuwa amelipia bima ambayo kazi yake ni hiyohiyo, mkopaji akifariki deni lililobaki lilipwe na kampuni ya bima. Hakuna mtu wa benki aliyemwambia mjane, na mjane hakujua pa kuuliza.

Tukaandika barua, tukaambatisha cheti cha kifo, nakala ya mkataba na taarifa ya hospitali. Mikataba ya bima huweka muda wa kutoa taarifa, na tuliwahi kwa siku chache tu. Deni likafutwa baada ya wiki saba, na marejesho matatu yaliyolipwa baada ya kifo yakarudishwa kwenye akaunti. Ndiyo maana deni la benki halitaonekana kwenye hesabu za chini.

Kosa hapa ni langu pia. Mkataba ule nilipaswa kuuomba siku ya nane.

Mahakamani

Marehemu alikuwa Mwislamu na aliishi kwa kufuata dini yake, hivyo shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mirathi ya Mkristo ambayo haifuati sheria za kimila haianzii huko, na nimeona familia ikipoteza mwaka mzima kwa kukosea mlango.

Maombi yalipelekwa pamoja na cheti cha kifo na muhtasari, tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, na wasimamizi wawili wakapewa barua ya usimamizi. Kuanzia siku hiyo wana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni yote. Kisha hufuata Fomu Na. 6, hesabu ya kilichokusanywa, kilicholipwa na kilichogawiwa. Watu wengi wakishaipata barua hukunja mikono na faili halifungwi. Msimamizi huanza kuitwa mwenye nyumba, na miaka inavyopita anaamini hivyo mwenyewe.

Benki ilichukua wiki kumi na moja kuachia fedha. Mara ya kwanza walitaka amri ya mahakama, mara ya pili nakala yenye muhuri, mara ya tatu majina yalinganishwe. Kile kiapo cha majina kikatumika tena.

Kabla ya kuandika Fomu Na. 5 paliibuka swali la nyumba. Wadogo wa marehemu waliihesabu yote kuwa ya ndugu yao. Mjane akaenda chumbani akarudi na kitabu chake cha kikoba. Mkopo wa bati ulikuwemo, mkopo wa tofali ulikuwemo, tarehe na sahihi za mweka hazina zikiwa pembeni. Kilichochumwa na mke ni chake, hakirithiwi na mtu angali hai. Baada ya mazungumzo marefu warithi wote walikubali kwa maandishi kwamba nusu ya nyumba ni yake mwenyewe, na nusu ya marehemu, yenye thamani ya milioni 30, ndiyo iingie kwenye mirathi.

Hesabu na mgawanyo

Mali: nusu ya nyumba 30,000,000, bidhaa za duka 24,000,000, kiwanja 14,000,000, benki 10,200,000, pikipiki 1,600,000, fedha za simu 1,200,000. Jumla 81,000,000.

Madeni: tajiri wa jumla wa Kariakoo 6,200,000, kodi ya fremu 1,200,000, bili ya hospitali iliyolipwa na baba mkubwa 1,100,000, na mahari iliyobaki 500,000. Hili la mwisho liliwashangaza wengi. Mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni kama deni jingine, na mke hulipwa kabla ya kugawa. Jumla ya madeni 9,000,000. Kilichobaki kugawiwa ni 72,000,000.

Kwa faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya kugawa urithi, mke penye watoto hupata thumuni (moja ya nane), 9,000,000. Mama hupata sudusi (moja ya sita), 12,000,000. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: wavulana 17,000,000 kila mmoja, mabinti 8,500,000 kila mmoja.

Kugawa kwenye karatasi ni rahisi. Mtu hawezi kuondoka na robo ya mlango. Kiwanja kikauzwa na wasimamizi, warithi wazima wakiridhia, na kwa fedha zilizopatikana, pamoja na taslimu iliyobaki baada ya kulipa madeni, binti wa Dodoma akapewa zake zote 8,500,000 taslimu. Bibi, yaani mama wa marehemu, akachukua 7,900,000, na 4,100,000 zilizobaki akawapa wajukuu wake wadogo wawili. Nilimwita pembeni nikamwuliza kama kuna aliyemshauri kusamehe. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi nimeshakula chumvi. Hao bado hawajajua kuoga." Ikaandikwa kama hiba, yaani zawadi ya hiari, mbele ya hakimu.

Kijana mkubwa akachukua pikipiki na sehemu ya duka ya 15,400,000. Fungu la mke likabaki ndani ya nyumba. Mali ya watoto wadogo ikawa 21,000,000 ndani ya nyumba na 8,600,000 ndani ya duka. Fomu Na. 6 ikawasilishwa, na shauri likafungwa mwezi wa kumi na mbili tangu kifo.

Kilichosaidia, na kilichoharibika

Daftari la duka ndilo lililookoa undugu. Wiki ya sita zilipoanza tetesi kwamba mjane "anafuja mali", baba mkubwa mwenyewe alilipeleka kwa wadogo zake na kuwasomea mauzo ya kila siku. Hakuna aliyerudia tena. Lakini nisiwadanganye wasomaji: kufungua duka kabla ya uteuzi kulisimama juu ya kuridhiana tu. Angekuwepo mrithi mmoja mwenye nongwa, angeweza kuwashitaki, na daftari lingekuwa utetezi wao pekee. Katika familia yenye mgogoro ningeshauri duka lihesabiwe, lifungwe, na maombi yapelekwe mahakamani haraka.

Wasimamizi wawili walifaa hapa kwa sababu waliheshimiana. Kila karatasi ilihitaji sahihi mbili, na mara mbili safari ya benki ilikwama kwa kuwa mmoja alikuwa na homa. Bado naona ucheleweshaji ule ulikuwa bei ndogo.

Aibu aliyopewa yule kijana hadharani haikuwa na sababu. Angeulizwa chumbani, fedha zingerudi zilezile. Yeye na baba yake mkubwa walikaa miezi mitatu wakisalimiana kwa mkono tu, na kwenye kikao cha kugawa kijana hakufungua mdomo hata alipokuwa na la kusema.

Kinachonisumbua zaidi ni zile 8,600,000 za watoto zilizoachwa dukani. Nilishauri zitolewe kidogokidogo na kuwekwa kwenye akaunti ya watoto, au angalau pawe na mkataba wenye tarehe. Familia ikasema kaka mtu hawezi kuwadhulumu wadogo zake, na ikaandika mstari mmoja tu kwamba "atawatunza". Sina shaka na moyo wake. Ila vipuri hupanda na kushuka bei, naye ataoa, na mstari ule hausemi kama watoto wana hisa katika faida au wanadai mtaji tu.

Mwezi uliopita nilipita dukani. Daftari ni la tatu sasa. Nilimwomba mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu anifungulie ukurasa wa wadogo zake, akanionyesha ada mbili za shule na sare moja, jumla 486,000. Nikamwuliza kama zinakatwa kwenye zile 8,600,000 au ni faida yao. Akasema hajui, hajawahi kuulizwa. Tumepanga kukaa yeye, mama yake na baba yake mkubwa Jumapili ijayo, baada ya swala ya adhuhuri.